Mwendo wa Nyota Pacha Baada ya Mlipuko wa Supanova, Pamoja na Neno juu ya Istilahi Zake

Mtu akisikia kwamba nyota moja imelipuka, na kwamba nyota mwenziwe imeonekana baadaye ikienda mbio angani peke yake, mara hudhani kwamba mlipuko ndio ulioisukuma. Dhana hiyo ni ya kawaida, wala si ya kuchekwa. Lakini si ya kweli, na lugha tunayoitumia ina sehemu yake katika kuieneza. Twasema nyota ile “imerushwa”, au “imetupwa”, au “imefukuzwa”. Ilhali tangu mwaka 1961 wataalamu wa elimu ya nyota wamekwisha kujua kwamba mlipuko waweza kuipa nyota uhuru wake bila ya kuirusha. Iliachiliwa tu. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa hesabu chache iwezekanavyo, na kuyapima njiani baadhi ya maneno yake, kwani hapa neno likikosewa, maana nayo huharibika.

Yafaa tuanze na nyota zenyewe. Jua letu ni pweke, lakini upweke si desturi ya nyota kubwa. Kwa nyota kubwa tunakusudia zile ambazo masi yake ni zaidi ya mara 8 ya masi ya jua. Mwaka 2012 Hugues Sana na wenzake walionyesha kwamba katika nyota kubwa na zenye joto kali zaidi, yaani zile za aina ya O, zaidi ya 70 kwa kila 100 huishi karibu na nyenzake hata zisiweze kumaliza umri wao bila ya kupeana au kunyang'anyana mata. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua habari za nyota kubwa hana budi kujua habari za nyota mbili zilizofungamana.

Nyota hizo tuziite nini? Wako wanaosema “nyota mbili”, na wako wanaosema “nyota jozi”. Neno la kwanza halitoshi, kwa sababu nyota mbili zaweza kuonekana zimekaribiana kwa kuwa tu ziko upande mmoja wa anga kwa mtazamaji, hali moja iko mbali mno nyuma ya nyingine. William Herschel alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1803 ndipo ilipothibitika kwamba baadhi ya nyota za namna hiyo, kama zile za Castor, zazungukana kweli. “Jozi” nalo lina ila yake: jozi ni ya vitu vilivyolingana, kama viatu. Mimi napendelea “pacha”. Mapacha hutoka tumbo moja, na nyota hizi hutoka wingu moja la gesi. Tena mapacha si lazima wafanane, bali huenda mmoja akawa mnene na mwingine mwembamba, na mmoja akatangulia kufa. Hayo yote ndiyo yaliyo katika nyota hizi.

Neno “masi” pia lataka maelezo mafupi. Wengine huliita “tungamo”, na sina ugomvi nao. Lisilofaa ni “uzito”, maana uzito ni nguvu ambayo kitu chavutwa nayo, na katika habari hii yote nguvu hiyo ndiyo inayobadilika. Tukichanganya kiasi cha mata na nguvu ya kuvutwa kwake, hatutaweza kusema hata sentensi moja iliyo sahihi.

Nyota pacha hazizungukani kwa namna ya punda na kinu, moja ikiwa imetulia katikati na nyingine ikienda pembeni. Zote mbili hukizunguka kitovu cha masi yao, ambacho kiko mahali fulani katikati yao, karibu zaidi na ile iliyo kubwa. Mfano wake ni mzani wa mikono isiyolingana: mzigo mkubwa hukaa karibu na mhimili, na mdogo hukaa mbali, ndipo mzani utulie. Kwa sababu hiyo nyota kubwa hufanya duara ndogo na mwendo wake ni wa polepole, na nyota ndogo hufanya duara kubwa kwa kasi. Nyota moja ikiwa na masi mara tano ya mwenziwe, basi kasi yake ni sehemu ya tano ya kasi ya mwenziwe. Tulishike jambo hili, kwani tutalihitaji.

Kila nyota ya namna hii ina mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, ina mwendo wake wa kwenda mbele, na kama ingeachwa ingekwenda moja kwa moja bila ya kupinda. Pili, inavutwa na mwenziwe, na mvuto huo huipinda njia yake kila dakika hata ikawa duara. Mwendo na mvuto vinalingana, na kulingana huko kwategemea jumla ya masi ya nyota zote mbili na umbali ulio baina yao. Masi ikizidi, au umbali ukipungua, kasi inayotakiwa nayo huzidi.

Sasa kifo cha nyota kubwa. Kwa mamilioni ya miaka nyota huunguza hidrojeni ikaifanya heli, kisha heli ikaifanya kaboni, na kuendelea hivyo mpaka kiini chake kiwe chuma. Chuma hakitoi nishati kikiunganishwa zaidi, na hapo moto unakosa kuni. Kiini chenye masi ya kiasi cha mara 1.4 ya jua hujiporomokea chenyewe kwa muda usiofika sekunde moja, kikawa mpira wa nyutroni wenye kipenyo cha kilomita 20 hadi 25 hivi. Takriban 99 kwa 100 ya nishati inayotoka hapo huchukuliwa na nyutrino, chembe zisizoonekana zinazopita katika mata kama kwamba hakuna kitu. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayolipasua tabaka la nje na kulitawanya kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 10,000 kwa sekunde.

Neno “supanova” tumelipokea kama lilivyo, nasi tuliache hivyo, ingawa maana yake ya asili haina ukweli. Katika Kilatini “nova” ni “mpya”, na Tycho Brahe alipoiona nyota ya mwaka 1572 aliihesabu kuwa ni nyota mpya kabisa. Walter Baade na Fritz Zwicky ndio waliopendekeza, mwaka 1934, kwamba supanova ni kugeuka kwa nyota ya kawaida ikawa nyota ya nyutroni. Yaani kile kilichoitwa kuzaliwa kilikuwa kufa. Lakini neno la kigeni lina faida hii, kwamba kosa lililomo ndani yake halisikiki masikioni mwa mwenye kulitumia.

Tuifuate sasa nyota ya pili, ile isiyolipuka. Tuchukue mfano wa kufikirika. Nyota itakayolipuka ina masi mara 4 ya jua, na mwenziwe ina masi mara 20. Zinazungukana kwa siku 8.6, na umbali baina yao ni kilomita milioni 35. Kasi ya nyota moja ikipimwa kwa nyingine ni kilomita 300 kwa sekunde, na kwa kanuni ya mzani tuliyoitaja, ile ndogo huenda kilomita 250 na ile kubwa huenda 50. Ndogo inalipuka. Mata iliyorushwa yaipita nyota ya pili kwa muda wa saa moja tu hivi, na saa moja si kitu mbele ya siku 8.6: nyota ya pili haijapata hata nafasi ya kupinda njia yake.

Je, mata hiyo haikuipiga? Iliipiga; lakini nyota, kwa ukubwa wake wote, ni shabaha ndogo kwa umbali huo. Mata inayoipata haifiki sehemu moja katika mia ya yote iliyotupwa, na msukumo wake ni wa kilomita chache kwa sekunde.

Jambo kubwa ni jingine. Newton alikwisha kuthibitisha kwamba mata iliyotandazwa sawasawa kama ganda la duara haimvuti hata kidogo aliye ndani ya ganda hilo, kwa sababu mivuto ya pande zote hufutana. Maadamu mata ya mlipuko ilikuwa ndani ya nyota ya kwanza, ilikuwa ikiivuta nyota ya pili. Mara tu ganda likiisha kuipita, nyota ya pili iko ndani yake, na mvuto ule umetoweka. Kilichobaki kuivuta ni kile kiini kidogo tu. Mwendo wake ni uleule wa zamani, lakini kamba imelegea. Aliyewahi kuona mvulana akitumia teo kuwafukuza ndege shambani analijua jambo hili: jiwe halipigwi na kitu chochote wakati linapotoka. Lilikuwa na mwendo wake tangu lilipokuwa likizunguka, na kinachotokea ni kwamba kamba imeachiliwa.

Adriaan Blaauw, mtaalamu wa Kiholanzi, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa ukamilifu katika makala yake ya mwaka 1961, na kanuni iliyomo ni nyepesi hata mtu hustaajabu kwamba yatoka katika jambo kubwa kama hilo. Ili kitu kiuvunje mvuto na kwenda zake moja kwa moja, mraba wa kasi yake hauna budi kuwa mara mbili ya mraba wa kasi ya kuzunguka katika duara. Na mraba wa kasi ya kuzunguka hulingana na jumla ya masi. Basi jumla ya masi ikipunguzwa kwa ghafula ikawa nusu, kasi iliyokuwa ya kuzunguka tu inakuwa, bila ya kuongezwa hata chembe, kasi ya kutoroka. Kwa hiyo nyota pacha zilizokuwa zikizungukana katika duara zitaachana ikiwa mlipuko umeondoa zaidi ya nusu ya masi yao yote, na zitabaki pamoja ikiwa umeondoa pungufu ya nusu.

Zikibaki pamoja, haziwi kama zilivyokuwa. Duara huvutika ikawa duaradufu, na kiasi cha kuvutika huko, ambacho naomba ruhusa ya kukiita “uduaradufu”, hupatikana kwa kuigawanya masi iliyopotea kwa masi iliyobaki. Duara kamili ina uduaradufu wa 0. Ukifika 1 kifungo kimekatika. Katika mfano wetu kiini kilichobaki kina masi 1.4, basi zimepotea 2.6 na zimebaki 21.4, uduaradufu ni 0.12. Nyota zetu zimebaki pacha.

Msomaji makini atauliza: inakuwaje nyota inayolipuka iwe ndogo kuliko mwenziwe, na hali nyota kubwa ndiyo inayomaliza kuni zake mapema na kufa kwanza? Swali hili liliwasumbua wataalamu kabla ya supanova kuingia katika mazungumzo, kwa sababu ya nyota iitwayo Algol. Jina hili ni la Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili hatapata taabu nalo: ni kichwa cha zimwi. Katika Algol nyota iliyozeeka zaidi ina masi ya kiasi cha 0.7 tu ya jua, na ile iliyo changa bado ina 3.2. Mdogo amemtangulia mkubwa kuzeeka. Mwaka 1955 John Crawford alitoa jibu ambalo limekubaliwa: ile iliyozeeka ndiyo iliyokuwa kubwa zamani. Ilipovimba uzeeni, tabaka lake la nje lilivuka mpaka likamiminikia kwa mwenziwe, hata ikawa aliyekuwa tajiri ni maskini.

Katika nyota kubwa mambo huwa vivyo hivyo. Zile nyota zetu za 4 na 20 zaweza kuwa zilianza zikiwa 15 na 9. Kama zingekuwa mbali na zisipeane kitu, ile ya 15 ingelipuka ikiwa na masi yake, ikapoteza 13.6 katika jumla ya 24, nayo ni zaidi ya nusu. Zingeachana mara moja. Kwa kuwa ziligawiana, ilipolipuka ilikuwa imekwisha kugawa 11, haikuwa na kikubwa cha kupoteza. Ukarimu wa ujana, kwa kusema hivyo, ndio uliookoa ndoa, ijapokuwa mfano huu wa ndoa nautumia kwa tahadhari, kwani nyota hazina hiari.

Liko jambo jingine linalosahauliwa mara nyingi. Nyota pacha zilizobaki pamoja nazo pia huondoka mahali pao. Nyota iliyolipuka ilikuwa ikienda kilomita 250 kwa sekunde wakati ilipolipuka, na mata iliyotawanyika, ingawa imekwenda pande zote, imeondoka na mwendo huo wa jumla. Hii ni hesabu ya dukani: kama jumla ilikuwa sifuri, na upande mmoja umetoka na kiasi fulani, upande wa pili hauna budi kubaki na kiasi hichohicho kwa kuelekea kinyume. Masi 2.6 zilizoondoka kwa kilomita 250 zawaachia 21.4 zilizobaki mwendo wa kilomita 30 kwa sekunde. Si mwingi kwa kipimo cha nyota, lakini katika miaka milioni moja utazipeleka umbali wa miaka ya nuru 100 kutoka nyumbani kwao.

Ushahidi wa nyota zilizoponea mlipuko bila ya kuachana ulipatikana kwa njia ambayo pwani ya Afrika Mashariki ina haki ya kuikumbuka. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini kaskazini ya Malindi. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo upande wa Marekani, aliipa jina la Uhuru. Na kiongozi wa uchunguzi wenyewe, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhuru iliona kwamba kitu kiitwacho Centaurus X-3 hutoa mapigo ya eksirei kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba mapigo hayo hufichika kila baada ya siku 2.1. Maana yake ilikuwa wazi: ni nyota ya nyutroni inayozunguka nyota kubwa, ikipita nyuma yake na kujitokeza tena. Basi hapo palilipuka supanova, na nyota hizo mbili hazikuachana. Orodha ya nne ya setilaiti hiyo ina vitu 339, na majina yake huanza kwa 4U, kama 4U 1700-37. Herufi ile U ni ya neno la Kiswahili. Wanafunzi wa fizikia duniani kote huiandika, na sidhani kwamba wengi wao wanajua wanaandika nini.

Kwamba pacha hao nao huhama, hilo lilionekana vizuri mwaka 1997 katika Vela X-1, nyota ya nyutroni na nyota kubwa zinazozungukana kwa siku 9 kasoro kidogo. Mbele yake gesi ya angani imekusanyika kama upinde, kama wimbi linalosimama mbele ya omo ya chombo kinapokata maji. Kwa hiyo nalipendekeza “wimbi la omo” kuwa jina la upinde huo; kila mwana wa pwani ataelewa bila ya mchoro.

Narudi kwa nyota zilizoachana. Mwaka 1954 Blaauw na William Morgan walieleza kwamba nyota mbili, AE Aurigae na Mu Columbae, zinakwenda pande mbili zilizo kinyume, kila moja kwa zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde, na kwamba njia zao zikirudishwa nyuma zakutana katika kundinyota la Orion. Hapo ndipo lilipotokea jina ambalo kwa Kiswahili latafsiriwa ama “nyota mkimbizi” ama “nyota mtoro”. Maneno haya mawili hayalingani. Mtoro huondoka kwa hiari yake, naye huenda akarudi. Mkimbizi huondolewa na msiba uliotokea nyumbani. Kwa nyota iliyopoteza pacha wake katika supanova, “mkimbizi” ni neno lililo karibu zaidi na haki, ila lina upungufu mmoja, nao ni mbio. Hesabu zilizotolewa na Mathieu Renzo na wenzake mwaka 2019 zaonyesha kwamba nyota nyingi zilizoachiliwa kwa njia hii hazifiki hata kilomita 30 kwa sekunde. Sababu yake tumekwisha kuiona: baada ya kupokea mali ya mwenziwe, nyota ya pili ni kubwa, na iliyo kubwa huzunguka polepole, ikiachiliwa, huondoka na upolepole wake. Hizo si wakimbizi bali watembezi.

Inachekesha kidogo kwamba zile nyota mbili za Orion hazikufukuzwa na supanova hata kidogo. Arcadio Poveda na wenzake walionyesha mwaka 1967 kwamba nyota zikisongamana katika kundi changa zaweza kutupana kwa mivuto yao tu. Na vipimo vya setilaiti ya Hipparcos vilipochunguzwa na Ronnie Hoogerwerf na wenzake, katika miaka ya 2000 na 2001, ilionekana kwamba AE Aurigae na Mu Columbae zilitoka katika mkutano wa pacha wawili kwa wawili, miaka milioni 2.5 iliyopita, na pacha mmoja mpya, Iota Orionis, akabaki. Kwa nyota hizi neno “zimetupwa” ni sahihi kabisa.

Mfano bora wa njia ya supanova ni Zeta Ophiuchi, nyota yenye masi ya kiasi cha mara 20 ya jua, inayokwenda peke yake na wimbi kubwa la omo mbele yake. Huzunguka juu ya mhimili wake kwa kasi kubwa mno, na huku ndiko kunakotarajiwa kwa nyota iliyomiminiwa mata na mwenziwe. Lakini hapa pana fundo. Ikiwa ilimiminiwa mata, basi ile iliyolipuka ilikuwa imekonda. Na ikiwa ilikuwa imekonda, haikupoteza nusu ya masi yote. Na ikiwa haikupoteza nusu, kwa kanuni ya Blaauw hazikupasa kuachana. Mbona zimeachana?

Jibu limo katika nyota za nyutroni zenyewe. Pulsa, yaani nyota za nyutroni zinazopiga mapigo ya redio, huonekana zikienda kwa kasi ya kilomita mia kadhaa kwa sekunde, na moja, PSR B1508+55, yapita 1,000. Kasi hizo ni kubwa mno kuwa ni za teo. Mlipuko hauwi sawa pande zote: mata hutoka zaidi upande mmoja, na kiini kilichozaliwa husukumwa upande wa pili. Msukumo huu nauita “kikumbo”. Neno hili tunalo, nalo lafaa kuliko “pigo”, kwa maana pigo hutoka kwa kitu kingine kinachokuja kwa nguvu, na kikumbo ni cha aliye bega kwa bega nawe katika msongamano. Na ni kweli kwamba kiini husukumwa na mata ileile iliyokuwa imekizunguka. Kwa hiyo katika tukio moja tuna vitenzi viwili: nyota ya nyutroni imesukumwa, na nyota ya pili imeachiliwa. Wanaotumia kitenzi kimoja kwa zote mbili wameufuta utafiti wa nusu karne.

Kikumbo chaweza kuwavunja pacha ambao kanuni ya nusu ingewaacha pamoja, na bila shaka ndivyo yalivyo mambo ya Zeta Ophiuchi. Kuhusu pulsa iliyokuwa pacha wake, Hoogerwerf na wenzake waliitaja B1929+10. Mwaka 2020 Ralph Neuhäuser na wenzake walitoa hoja kwa B1706-16, na mlipuko wakaukadiria kuwa wa miaka milioni 1.78 iliyopita. Lakini kikumbo kikielekea kinyume cha mwendo wa nyota katika duara yake, huipunguzia kasi, na hivyo chaweza kuwaokoa pacha waliokuwa wakiachana. Tena chaweza kuupindua usawa wa mzunguko. Katika PSR J0045-7319, pulsa iliyo katika Wingu Dogo la Magellan, Victoria Kaspi na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba nyota mwenziwe imelala upande juu ya mhimili wake ikilinganishwa na njia ya pulsa. Kulegea kwa mvuto peke yake hakuwezi kuleta mlalo huo. Pale alipita mtu na kikumbo.

Pacha wanaoponea supanova mbili, moja ya kila nyota, ni wachache. Wa kwanza kujulikana waligunduliwa na Russell Hulse na Joseph Taylor mwaka 1974 kwa darubini ya redio ya Arecibo, iliyoporomoka mwaka 2020. Nyota hizo za nyutroni huzungukana kwa saa 7.75, na uduaradufu wake ni 0.617: kovu la mlipuko wa pili, ambalo halijapona. Pacha wa PSR J0737-3039, waliogunduliwa mwaka 2003, wana uduaradufu wa 0.088 tu, na masi ya yule mdogo ni 1.25, yaelekea mlipuko wake ulikuwa mpole, ukatoa mata kidogo na kikumbo hafifu. Jozi za namna hii hupoteza nishati kwa mawimbi ya mvutano na kukaribiana daima. Zile za Hulse na Taylor zitagongana baada ya miaka milioni 300 hivi. Mgongano wa nyota nyingine kama hizo ulisikika duniani tarehe 17 Agosti 2017, kutoka galaksi ya NGC 4993. Kama vikumbo vingekuwa vikali zaidi kidogo kwa desturi, jozi kama hizo zingekuwa adimu mno kuliko zilivyo, na huenda tusingalisikia kitu.

Limebaki swali la nyota zinazokuwa mashimo meusi. Katika Wingu Kubwa la Magellan, ndani ya Nebula ya Tarantula, Tomer Shenar na wenzake walitangaza mwaka 2022 pacha aitwaye VFTS 243: nyota yenye masi 25 na shimo jeusi lenye masi zisizopungua 9 hivi, wanaozungukana kwa siku 10.4. Njia yao ni duara karibu kamili. Uduaradufu ni 0.017. Alejandro Vigna-Gómez na wenzake walifanya hesabu mwaka 2024 wakaona kwamba masi iliyopotea haikuzidi sana sehemu tatu za kumi za jua, ikichukuliwa na nyutrino, na kikumbo kilikuwa cha kilomita chache kwa sekunde. Yaani nyota kubwa ilijiporomokea yote, ikamezwa na kiini chake, bila ya kutupa kitu nje. Hapo hapakuwa na mlipuko, wala nyota ya pili haikuachiliwa, wala haikusukumwa. Iliendelea na mzunguko wake, na mbele yake, mahali palipokuwa na nuru, pakawa hapana kitu. Kitenzi cha tukio hilo bado hatujakikubaliana. Baadhi ya wenzangu wanasema “kuzimika”; mimi naona taa iliyozimika bado ipo mezani, na “kudidimia” kwafaa zaidi.